Manila ipi unayoitaka? Ya kamba, ya karatasi au ya bahasha

Mwaka jana nilimtuma mtoto wa darasa la nne dukani aniletee manila mbili, nikampa hela nikaendelea kupanga kadi zangu za silabi maana kipindi kinachofuata nilikuwa na darasa la kwanza. Karudi baada ya nusu saa, ananyoosha mikono yote miwili, kumbe ni kamba. Vipande viwili vya kamba ya bluu, kila kimoja kama mita tano, vimeviringishwa vizuri na kufungwa katikati. "Mwalimu, manila hizi hapa." Na mtoto hakukosea, kwao wanafuga mbuzi na manila anayotumwa kila siku nyumbani ni hiyo hiyo, mi ndo sikusema manila ya karatasi.

Tangu siku hiyo nimekuwa makini na hili neno na nikaona hata watu wazima linawapa tabu. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi unaulizwa manila ya plastiki au ile ya asili, ukienda stesheneri unaulizwa ngumu au nyembamba, na ofisini mmoja anaomba faili la manila mwenzake anamkodolea macho. Kwa hiyo leo naziweka zote hapa, ya kamba, ya karatasi na ya bahasha, na kila moja naiweka pamoja na vitu vingine vinavyofanya kazi hiyo hiyo, ili ukifika dukani usibabaike. Kamba nitaikalia muda mrefu zaidi kwa sababu ndo yenye mambo mengi na ndo ukikosea inakula kwako.

Jina lenyewe limetoka wapi

Manila ni mji mkuu wa Ufilipino. Wenyewe kwa Kitagalogi wanasema Maynila, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maana yake ni mahali palipo na nila, mmea wa kutoa rangi ya bluu. Sasa hiyo nila ni ndugu wa nili yetu, ile tunayotia kwenye maji ya kusuuzia mashati meupe ya shule, mzizi wake ni mmoja kwenye Kisanskriti, sisi ikatufikia kupitia Kiarabu. Yaani kabla hata kamba haijafika kwetu, nusu ya jina la mji tayari ilikuwa kwenye beseni la kufulia. Mi hili limenifurahisha sana.

Huko Ufilipino kuna mmea unaitwa abaka. Ukiuona unaweza kuapa ni mgomba, na kweli ni wa ukoo mmoja na mgomba, ila matunda yake sio ya kula, watu wanautaka kwa nyuzi zilizomo kwenye maganda ya shina. Nyuzi hizo ni ndefu, zinaweza kufika mita 3 na zaidi, na hazisumbuliwi sana na maji ya chumvi. Karne ya 19 zilikuwa zinasafirishwa kupitia bandari ya Manila, basi mabaharia wa Marekani na Uingereza wakaziita kwa jina la bandari, wakazipenda maana kamba walizokuwa nazo mwanzo ilibidi zipakwe lami ndo zivumilie bahari, hii haikuhitaji lami.

Karatasi ikaja kwa mlango wa nyuma. Marekani kwenye miaka ya 1830 na 1840 viwanda vya karatasi vilikuwa na uhaba wa matambara ya pamba na kitani ambayo ndo yalikuwa malighafi yao, wakageukia kamba kuukuu za meli, wakazisaga, ikatoka karatasi ngumu ya rangi ya manjano iliyofifia, haichaniki ovyo, ikaitwa kwa jina la kamba iliyoizaa. Kutoka hapo zikatengenezwa bahasha na mafaili. Siku hizi karatasi hiyo inatengenezwa kwa miti kama karatasi nyingine, abaka haimo, lakini jina limebaki na rangi imebaki, hata zile folda za njano unazofungua kwenye kompyuta zimechorwa kwa mfano wa faili la manila. Na abaka yenyewe haijafa, karatasi ya vile vifuko vya chai mara nyingi ina nyuzi zake, ndo maana kifuko kinakaa kwenye maji ya moto na hakipasuki.

Mambo matano ya kujiuliza kwanza

Nimetumia maswali haya haya kwa kila kitu hapa chini, iwe kamba au karatasi, na nakushauri uyatumie na wewe. Moja, kitakutana na maji gani, ya mvua, ya chumvi au hakitaloa kabisa? Mbili, kitakaa juani? Tatu, kitabeba nini au kitavumilia purukushani gani? Nne, nani atakishika, mkono wa mvuvi na mkono wa mtoto wa chekechea sio sawa. Tano, unataka kidumu muda gani na mfuko wako unasemaje? Bei za shilingi siziweki kwa sababu zinatofautiana sana mji hadi mji, nitasema tu ipi ni ya juu na ipi ni chee.

MANILA YA KAMBA

Hapa kwanza tuelewane. Ukisema kamba ya manila kwenye maduka mengi ya kwetu unapewa ya plastiki, ya bluu, ya kijani au ya rangi ya chungwa. Jina limehama. Manila halisi ya abaka ni ya kahawia inayong'aa kidogo kama asali, imesokotwa kwa nyuzi tatu nene. Kuna watu wanauziwa katani wakaambiwa ni manila halisi, kwa hiyo angalia: katani ni nyeupe inayoelekea manjano na ina vinywele vingi vinavyochoma, abaka imetulia zaidi. Kujua kama ni ya asili au ya plastiki ni rahisi, kata kipande kidogo uchome, ya asili inawaka kama karatasi na kuacha majivu, ya plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fanyia nje na usishike kile kidonge kikiwa cha moto.

Manila halisi

Kwenye maji ya chumvi hii ndo kazi yake ya kuzaliwa. Mjomba wangu alivua Sahare, Tanga, miaka mingi na aliniambia zamani amari za majahazi, yaani zile kamba za nanga, walizotamani ni za manila. Ila ina masharti, ikiwa mpya na ikaloa mara ya kwanza inasinyaa, kwa hiyo ukifunga kitu ikiwa kavu acha nafasi kidogo, na ukimaliza kazi lazima uianike ikauke kabla ya kuiweka stoo, ukiiviringisha mbichi inaoza kutokea ndani na nje inaonekana nzima. Mjomba alikuwa na namna yake ya kuipima ambayo mpaka leo naiona machoni: anashika kamba kwa mikono miwili, anaisokotoa kinyume mpaka zile nyuzi tatu zinaachana, anachungulia katikati. Akiona ndani kuna rangi safi anairudisha, akiona unga unga na vijinyuzi vilivyokatika anaikata hapo hapo na ile kamba inakuwa ya kufungia kuku. Hakuwa anaangalia nje hata kidogo.

Juani inavumilia vizuri kuliko plastiki ya bei rahisi. Mzigo, kamba ya milimita 12 ikiwa mpya inakatika kwenye kama kilo 1,200 hivi, lakini usije ukaning'iniza kilo 1,200! Hesabu ya usalama ni kubeba sehemu ndogo tu ya hapo, wengi wanachukua moja ya kumi, yaani kama kilo 120, kwa sababu fundo linapunguza nguvu, kona inapunguza, umri unapunguza. Mkononi inakamatika vizuri, haitelezi, na ikikimbia kwenye gogo haiyeyuki. Bei iko juu na kuipata sio rahisi, utaikuta kwa wauza vifaa vya vyombo vya bahari, kwenye jimu kwa kamba za mazoezi, na hoteli za pwani wanaipenda kwa mapambo.

Inamfaa mwenye chombo anayetaka kamba ya asili na yuko tayari kuitunza, mtu wa mazoezi, na mwenye kujali muonekano. Haimfai anayetaka kufunga kamba akaisahau nje mwaka mzima.

Katani

Mi ni mtu wa Tanga, katani siwezi kuipita haraka. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba yote ya katani ya Tanganyika yalianzia kwenye hiyo michache. Na katani na manila zimekuwa zikishindana tangu hapo. Vita ya pili ya dunia, Japani ilipoteka Ufilipino na Java mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani wakakosa manila na wakakosa katani ya Java kwa mpigo, macho yote yakageukia katani ya Afrika Mashariki, na wanaume wakachukuliwa kwa nguvu kwenda kukata mkonge. Kwa hiyo kila ukishika kamba ya katani, jua kuna wazee wetu waliikata kwa jasho ili meli za wengine zifunge nanga.

Tukirudi kwenye maswali yetu. Kwenye maji ya chumvi katani iko nyuma ya manila, inavimba na kuoza mapema, kwenye mvua za kawaida inavumilia kama inapata kukauka. Juani iko sawa. Nguvu yake inahesabiwa kama asilimia 80 ya manila ya unene ule ule, sababu moja ni kwamba uzi wa katani ni mfupi, kama mita moja hivi, kwa hiyo kamba inakuwa na maungio mengi ndani yake na ndo hayo yanayotokeza nje kama vinywele. Mkononi inachoma, ukiivuta siku nzima bila glavu utajua, na kwa mbuzi au ng'ombe inaweza kumchubua shingoni, watu wengine wanazungushia kitambaa ile sehemu ya shingo. Lakini fundo lake linakaa, hata watoto wanafunga na halifunguki lenyewe. Bei nzuri, inapatikana, na ikiisha muda wake inaoza ikawa mbolea, haibaki shambani miaka kama plastiki.

Inamfaa mkulima wa kufunga mizigo na kuegemeza mimea, mfumaji wa vikapu na mazulia, na mafundi jipsamu ambao wanachanganya nyuzi zake kushikilia dari. Haimfai mvuvi kwa kazi ya majini kila siku.

Manila ya plastiki

Hii ndo ile ya bluu ya mwanafunzi wangu. Nyingi ni polipropilini, zingine ni nailoni na zinafanana kwa mbali lakini tabia ni tofauti kabisa. Polipropilini inaelea juu ya maji, nailoni inazama na inavutika kama mpira kidogo, ndo maana kwa nanga nailoni ni bora, inameza ule mshtuko wa wimbi, wakati polipropilini ikielea juu juu inaweza kunaswa na feni ya mashine ya boti nyingine. Kwa maboya na nyavu za juu, hapo polipropilini iko nyumbani.

Maji haziogopi, haziozi, hata ukiiweka mbichi stoo mwezi mzima. Jua ndo adui wa polipropilini. Nimeona kamba ya kuanikia nguo ya bluu hapa shuleni, baada ya kiangazi kimoja na kidogo ukiipitisha mkononi inaacha unga wa bluu na vijiti vidogo vinachoma kama miiba ya dagaa, na ikakatika ikiwa na shuka mbili tu. Kwa unene ule ule ikiwa mpya ina nguvu kuliko manila halisi, hilo lazima lisemwe, ila inateleza, fundo la kawaida linaachia, inabidi ukaze mara mbili, na ikikimbia kwa kasi kwenye kitu inapata joto na kuyeyuka, inaunguza kiganja pia. Ncha zake usiziache wazi, zichome kidogo zigande. Bei chee, inauzwa mpaka genge la mtaani, kwa mita.

Inamfaa anayefunga mizigo kwenye bajaji au pikipiki, kamba ya ndoo ya kisima (nene lakini, ile nyembamba inakata vidole), mfugaji mwenye bajeti ndogo. Polipropilini haimfai anayetaka ikae juani muda mrefu huku imebeba kitu cha kuumiza mtu, bembea ya watoto kwa mfano.

Makumbi nayo niiseme kwa ufupi, maana kuna watu bado wanaitaka na sio manila lakini iko kwenye mstari huo huo. Unguja na Pemba kina mama wanafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani miezi kadhaa, wanayafukua, wanayaponda, wanasokota kamba kwa viganja. Ndo kamba iliyoshonea mitepe, vile vyombo vya tanga vya zamani, mbao kwa mbao bila msumari. Kwenye chumvi inavumilia sana, inaelea, inavutika, ila nguvu ni ndogo kuliko zote nilizotaja. Leo inafaa kwa vitanda vya kamba, mapambo na kazi ndogo za ngalawa.

MANILA YA KARATASI

Kwetu manila ya shule ni ile karatasi kubwa ngumu ya rangi, nyeupe, njano, pinki, kijani, bluu ya mbingu. Sisi walimu bila hiyo hatuna zana. Chati ya irabu, ramani ya wilaya, ratiba ya usafi, kadi za silabi, mabango ya siku ya mtoto wa Afrika, mapambo ya mahafali, jalada la mbele la ripoti iliyobaindiwa stesheneri, yote manila. Halafu kitu cha kushangaza, Ufilipino kwenyewe ukiomba manila ya karatasi unapewa karatasi kubwa nyembamba ya rangi hafifu wanayotumia wanafunzi kuwasilisha kazi za makundi, hii yetu ngumu ya rangi wao wanaiita kartolina. Kwa hiyo ukiagiza kitu mtandaoni kutoka nje usitegemee jina, angalia uzito wa karatasi na picha.

Kwa ukutani walimu wengi wanayumba kati ya vitu vitatu, manila, karatasi za flipu chati na salfeti.

Manila, maji haitaki kabisa, hata unyevu wa pwani unatosha kuikunja ncha. Jua linapausha karatasi yenyewe na wino wa maka peni, kwangu nyekundu ndo inayoondoka kwanza, kwa hiyo maneno muhimu nayaandika kwa nyeusi au bluu. Purukushani inavumilia wastani, kadi za silabi zikishikwa na watoto sabini zinachakaa ndani ya muhula, ukizipiga selotepu pana pande zote mbili zinafika mwaka. Inasimama yenyewe, inakatika vizuri kwa mkasi, mtoto anaishika bila kuikunja. Bei ya kati kwa shiti moja ila zikiwa nyingi utaisikia. Na kosa moja nimeliona kila mahali, watu wanaiviringisha maandishi yakiwa ndani, ikibandikwa ncha zinarudi mbele kama jani kavu. Viringisha maandishi yakiwa nje, ukibandika ncha zitaegemea ukutani zenyewe.

Flipu chati ni nyembamba, ukiandika kwa wino mwingi unatokea upande wa pili, feni ikiwashwa inapeperuka, mkononi mwa mtoto haina maisha. Lakini kwa semina, kikao cha wazazi au kazi za makundi ambazo mnaandika leo kesho mnafuta mambo, hakuna sababu ya kuharibu manila ngumu, unapata shiti nyingi kwa hela kidogo na nafasi ya kuandika ni kubwa.

Salfeti, hivi viroba vyeupe vya mchele na sukari, ndo siri ya walimu wengi wa awali. Unakishona au kukikata, unageuza upande usio na maandishi, unachora kwa maka au rangi ya mafuta, unapitisha ufito juu na kamba, unaning'iniza. Mvua ikivuja kwenye bati hakijali, mchwa hawali, mtoto akikivuta hakichaniki, unakikunja unakiweka kabatini miaka mitatu unakitoa kama kilivyo. Ubaya ni kuandaa, maka nyembamba zinasambaa kwenye ule ufumaji, herufi ndogo hazitoki vizuri, inabidi uandike kubwa na uwe na mkono wa uchoraji. Na jua la moja kwa moja linakimong'onyoa vile vile kama ile kamba ya bluu, maana ni plastiki ile ile. Bei karibu na bure kama una jirani muuza duka.

MANILA YA BAHASHA NA FAILI

Hapa sitakaa sana. Ile ambayo kwingine inaitwa bahasha ya manila, sisi tunaita bahasha ya kaki, na kaki nalo ni neno la safari, kwa Kiajemi khak ni vumbi. Kwa hiyo stesheneri sema bahasha ya kaki utaeleweka. Ni nzuri kwa kupeleka vyeti na barua za maombi ya kazi bila kuzikunja ukichukua saizi ya A4, inaandikika juu kwa kalamu yoyote, ni rahisi, ila tone la maji likiigusa linapita mpaka kwenye cheti. Faili la manila, lile la karatasi ngumu linalokunjwa mara moja, linafaa kabatini, unaandika jina kwenye mdomo wake unapanga mia moja yanakaa kama vitabu, halifai kubebwa kwenye daladala maana makaratasi yanatoka pembeni. Faili la plastiki linazuia maji na lina kifungo, linafaa begini na safarini, ila yakipangwa mengi kabatini yanateleza na kuanguka, jina juu yake halikai bila stika, na kwenye gari lililoachwa juani linajikunja.

Kwa hali yako

Kama una ngalawa au boti ndogo na huna muda wa kuanika kamba kila siku, chukua nailoni kwa nanga na polipropilini kwa maboya, manila halisi ibaki kwa jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, kama unapenda mkono ushike vizuri.

Kama unafunga mbuzi au ng'ombe, plastiki nene au katani yenye kitambaa shingoni, zote zinafanya kazi, chagua kwa kuangalia utaibadilisha mara ngapi. Ile nyembamba ya plastiki usifunge shingoni, inakata ngozi mnyama akivuta.

Bembea ya watoto, manila halisi kama umeipata, au nailoni nene, na kila mwezi iangalie pale inapogusana na tawi, kama ni ya asili ifungue katikati kama mjomba wangu.

Kama ni darasa la pwani lenye bati linalovuja, chati za kudumu weka kwenye salfeti, kadi za mkononi tengeneza kwa manila na selotepu. Kama ni shule yenye madirisha na kabati, manila inatosha kwa karibu kila kitu.

Kama unaenda kwenye usaili na mawingu yametanda, vyeti ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya faili la plastiki.

Na kama unamtuma mtoto dukani, usimwambie manila peke yake. Mi siku hizi nampa kipande cha karatasi kilichobaki, ukubwa wa kiganja, nampa na hela, namwambia amwonyeshe mwenye duka.